Mdhamini wa Ubao

Fundi makabati wetu wa Bomang'ombe hawashi ile mashine yake ya mtumba ya kuchonga mifereji kabla hajabana kipande cha mabaki mwishoni mwa plaiwudi. Anakiita mdhamini: kisu kikitokeza upande wa pili, kipande hicho ndicho kinachomeguka, ubao unabaki na ukingo safi. Kisha anapuliza vumbi, anapitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya mfereji, anaguna. Maongezi yake ndiyo hayo. Benchi la pili ni la Mzee Sirili, aliyemfundisha kazi, ambaye macho yake siku hizi yamepungua.

Wiki ya Krismasi mzee alichonga mlango wa kabati la Mama Hilda bila mdhamini, ukingo ukachanika vibaya. Mama akafika, akauona. “Nani kaniharibia hivi, na wageni wako njiani?” Mzee alikuwa ndiyo anafungua mdomo. “Ni mimi, mama,” fundi akawahi. “Nilipitiwa. Kesho nakutengenezea mwingine.” Mama alimsema mpaka koo likamkauka, naye ameinama tu, anapapasa kwa ukucha pale palipomeguka. Mama alipoondoka, Mzee Sirili aliokota kipande cha mabaki, akakibana mwenyewe kwenye ubao mpya, akakikaza vizuri, kisha akasogea pembeni akamwachia fundi mashine.