Ngozi Iliyolala na Soya

"Sogeza hayo maharage, Mama."

"Sisogezi. Soya ikihamishwa kabla ya wakati wake hununa, na ikinuna haitoi utelezi."

"Na ngozi yangu ikae wapi, juu ya paa?"

"Jitande nayo. Mimi na maharage yangu tulifika hapa kabla yako."

Basi tukawa tunavutana blanketi, mimi huku na Malsun kule. Malsun ni mkaza mwanangu, mjane wa kifungua mimba wangu, na tunaishi nyumba moja, kwa hiyo kugombana hatuhitaji kufunga safari. Kona tuliyoigombania ni ile ya chumba changu iliyo karibu na jiko, ambapo moto hupita chini ya sakafu na kuichemsha, hata mgeni akiketi ghafla huruka kama mbisi. Januari, hapa bondeni Dumil, mwenye kona hiyo ndiye mwenye nyumba. Soya yangu ilikuwa imelala hapo ndani ya kikapu, imefunikwa gubigubi, inachacha taratibu iwe chonggukjang ya kupikia mchuzi. Naye Malsun alikuwa amekumbatia kava mpya za viti vya gari lake, ngozi nyeusi tupu, zilizokaa stoo mpaka zikakakamaa kama samaki mkavu anayepondwa kwa nyundo.

"Ikiwa baridi haivutiki," alisema. "Nikiilazimisha, mishono inafumuka. Na afisa anakuja kesho, Mama. Kesho!"

Hilo neno afisa ndilo lililonilegeza mkono.

Basi liliacha kupanda bondeni kwetu zamani, na wilaya ikaamua kumlipa dereva mmoja wa teksi awabebe wazee kwenda kwa daktari na sokoni. Dereva huyo ni Malsun tangu siku ya kwanza. Lakini sasa habari za viti vyake zilikuwa zimefika wilayani, na mkuu wa kijiji akaja kutuambia uso ameukunja: afisa atakagua gari, akikuta viti vimechanika, kazi anapewa dereva wa mjini mwenye gari linalong'aa. Na huyo wa mjini alishatangaza kwamba barafu ikianguka hapandi mlima wetu ng'o. Wazee wamsubiri darajani. Sasa mwambie Bibi Jomrye, mwenye nyonga iliyooza, ateremke hadi darajani kwenye utelezi! Akiteleza pale mlangoni kwake hasimami ila baharini.

Sikatai kwamba viti vilikuwa vibaya. Kile cha nyuma kilitoboka, springi ikachomoza, na ilikuwa na tabia ya kusalimia watu mahali ambapo hata mume huomba ruhusa. Mzee Pyo ilimng'ang'ania suruali asubuhi moja, akashuka na kiti kizima, akahudhuria nacho mazishi ya shangazi yake. Waombolezaji wakamshukuru kwa kuja na kiti chake. Anayebisha akamuulize Mzee Pyo, kama atapenda kujibu.

"Basi weka," nikamwambia Malsun. "Lakini maharage hayahami. Vitalala pamoja blanketi moja."

Tukaifunua soya, tukaizungushia ngozi, tukafunika juu na blanketi jingine. Sote wawili tukaona tumefanya la maana sana.

*

Nje uani, mwanangu mdogo, Pilgu, alikuwa amesimama mikono mfukoni akilitazama gari kama daktari anayetazama maiti. Pilgu ni fundi wa kila kitu kwa mdomo.

"Shemeji," alimwambia Malsun, "kazi hii ina wenyewe. Peleka mjini. Wana mashine."

"Fundi wa mjini anataka gari lilale kwake. Kesho asubuhi Bibi Jomrye ana miadi hospitali. Wewe utambeba mgongoni?"

"Mimi mgongo wangu..."

"Najua. Mgongo wako huuma ukiona kazi. Nishikie spana."

Nataka niseme huyu mwanamke ni wa namna gani, maana ukimwona hivi, mfupi, uso wa mviringo kama keki ya mchele, huwezi kudhani. Alizaliwa huko chini kwenye mashamba ya mpunga, kwenye ardhi tambarare hata kuku anaonekana akiwa wilaya ya pili. Siku aliyoletwa huku kuolewa aliutazama mlima wetu akauliza, "Watu wanaoishi huku wamefungwa kamba?" Marehemu mwanangu alikuwa mtu mwema lakini aliogopa mwendo, hata baiskeli aliishuka kwenye mteremko akaiongoza kwa mkono kama ng'ombe. Basi Malsun akajifunza trekta. Kisha lori la kabichi. Wanaume wa bonde walicheka mpaka msimu wa mvua ile kubwa, lori zao zote zilipokwama kwenye tope na lake likapita, naye akawapungia mkono. Sisemi aliruka juu ya lori zao. Wapo wanaosema.

Mume alipofariki, aliweka mbali nguo za msiba, akaenda kufanya mtihani wa teksi. Na tangu aanze, hajagonga hata kuku. Anajua nani hutapika kwenye kona ya msonobari, nani hutanguliza mguu wa kushoto, nani hujifanya kasinzia ili asiongee na jirani yake. Mimi nimezaa wawili, lakini mtoto aliyenitosha nililetewa na harusi.

Haya. Kwanza alichomoa waya wa betri. Pilgu akainama kufungua kiti cha mbele, Malsun akamchapa kofi mkononi.

"Subiri! Chini ya kiti kuna waya wa ule mfuko wa hewa wa ajali. Umeme uliobaki ukiuchokoza, utafyatuka uso kwa uso nawe."

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunamenya vitunguu saumu."

Wakaketi kumenya vitunguu saumu vyangu mpaka alipoona inatosha. Ndipo wakafungua bolti, akazitia kwenye mabakuli ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachua, kila kiti na bakuli lake na kifuniko chake, viti wakavitoa na kuvipanga juu ya mkeka wa majani. Akavigeuza chali. Huko chini kava kuukuu ilikuwa imeshikwa na vijipete vya waya, vingi kama chawa. Akavikata kimoja kimoja kwa koleo. Pilgu akaitupa kava ya kwanza upande wa jiko ikachomwe.

"Wee! Rudisha!" Malsun alimkimbilia. "Ndani yake kuna nyaya ndefu. Hizo zinahamia kwenye kava mpya. Ukizichoma, ngozi itashikwa na nini, na maneno yako?"

"Yule fundi wa video kwenye simu yangu hakusema hivyo."

"Yule mtu kwenye simu hana Bibi Jomrye."

Sponji ya kiti cha nyuma upande wa kulia ilikuwa imekufa, ina shimo la kutagia kuku. Malsun akaitazama, akaingia ndani, akatoka na godoro lake la harusi, lile la pamba lililoshonwa na mama yake. Kabla sijafungua kinywa akalipasua.

"Mwanangu, hilo ni la harusi!"

"Mume hayupo, Mama. Bibi Jomrye yupo."

Nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Akashindilia pamba, tena si ovyo. Upande mmoja aliuinua na kuufanya mgumu, mwingine akauacha laini, akaketi, akasimama, akaongeza, akaketi tena, akiinamia upande kama mwenye nyonga mbovu. Pilgu akamcheka, amekuwa kama bata anayetafuta yai. Malsun akashindilia konzi nyingine.

Ndipo akasema, "Mama, nipe ngozi."

Nikafunua blanketi. Ngozi ilikuwa laini kama mchele uliopikwa na kupondwa, inajikunja kwenye vidole, mtu atamani kuila. Malsun akacheka kwa furaha. Akaiinua karibu na uso. Kicheko kikakatika.

Msiojua chonggukjang, nitasemaje? Ni tamu, na harufu yake ni ya soksi za mtu aliyevuka milima akirudi nyumbani kwa miguu. Kuna jambazi liliwahi kuingia kwangu, likakutana nayo mlangoni, likapiga magoti likaungama. Na ile ngozi ilikuwa imelala nayo kifua kwa kifua.

"Mama," alisema.

"Si nilikwambia uitandike juu ya paa?"

"Hukuniambia!"

"Basi tumekosea wote. Vuta, itapoa."

Hakukuwa na muda wa kulia. Alianza na mshono wa katikati, akauchomekea kwenye mfereji wake kwenye sponji, akaubana kwa vijipete vipya, kisha pembe, kisha mbavu, akisugua kwa kiganja kutoka kati kwenda nje kama anayemkanda mtoto tumbo. Palipojikunja akapapuliza kwa mashine yangu ya kukaushia nywele mpaka mkunjo ukasalimu amri. Kiti cha dereva kilipokwisha, akakitazama, akachukua koleo akaanza kukata vijipete vyote upya.

"Kimeharibika nini?" Pilgu akaguta.

"Mshono umeenda upande."

"Upana wa punje ya mchele! Nani atauona?"

"Mgongo wangu."

Jua lilipozama viti vilikuwa vimerudi garini, vyeusi, vimenyooka, vimebana kama ngozi ya tunda. Nimeona viti vya wakubwa kwenye televisheni. Havikuwa hivi.

*

Asubuhi alimpeleka Bibi Jomrye hospitali, madirisha yote wazi kwenye baridi kali hata paka wa jirani aliketi juu ya jiwe tukambandua kwa maji ya moto. Waliporudi harufu ilikuwapo bado, imejikalia. Pilgu alikuwa anasubiri langoni na chupa ya marashi yake ya kunyolea.

"Shemeji, hebu ninyunyize. Afisa yu njiani."

"Hunyunyizi kitu."

"Atasema gari linanuka!"

"Linanuka. Akiniuliza nitamwambia kwa nini. Nimevisha viti, sikuja kuvificha."

"Basi kazi imekwenda! Ukaidi wako utawashusha wazee darajani!"

Hapo Malsun aliguswa. Nilimwona akilichukua lile koleo la jana, akalishika kama limeota mkononi. Alikuwa amefanya yote aliyoweza kwa mikono yake, na sasa kikapu changu cha maharage kingemnyang'anya wazee wake.

"Mbona mnapiga kelele?" akauliza Bibi Jomrye kutoka ndani ya gari. Tulikuwa tumemsahau kule nyuma.

"Samahani, Bibi," Malsun akamkimbilia kumshika mkono kama kawaida, maana Bibi Jomrye hushuka garini kwa kuvutwa na watu wawili, na mmoja wao lazima awe mnene.

Lakini Bibi Jomrye alishakuwa nje. Amesimama. Peke yake. Yeye mwenyewe akageuka kukitazama kiti kana kwamba kuna mtu humo aliyemsukuma.

"Nani kaninyanyua?"

"Hakuna aliyekunyanyua."

"Hospitali pia nilishuka hivi, nikadhani ni dawa. Kumbe ni kiti!" Akaketi tena, akasimama. Akaketi, akasimama. Akaanza kucheka kama msichana kwenye bembea. "Kannan! Wee Kannan! Njoo uone!"

Bibi Kannan, jirani yetu, akaja na mwenzake mmoja, wakajipakia nyuma pamoja naye, wakabanana, wakanusa.

"Gari linanuka kama jikoni kwa mama yangu," alisema Bibi Kannan.

"Teremkeni, bibi zangu," Pilgu akaomba. "Afisa akague viti."

"Akague tukiwa tumekaa."

"Mmevifunika vyote! Ataona nini?"

"Atatuona sisi. Viti ni vya nani, vya afisa?"

"Tena akija," Bibi Jomrye akapaza sauti, "na huyo kijana wake wa mjini mwenye gari la kung'aa, nitamwambia alichukue hilo gari lake alipeleke huko huko darajani, halafu aikalie ile springi ya zamani kwa ule uwazi wa..."

Lango likalia. Afisa akaingia, na nyuma yake, nje, gari linalong'aa likiunguruma. Bibi Jomrye akafunga mdomo neno likiwa nusu ulimini. Pilgu akaficha chupa mgongoni. Mimi nikatazama kuku.

Yule bwana, mtu mzima mwenye koti la mjini, alisalimia, akalisogelea gari. Akaingiza kichwa dirishani. Bibi watatu wakamtazama kama bundi. Akapitisha kiganja kwenye mshono wa kiti cha mbele, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Akanusa. Akanusa tena, macho akiyafumba.

Kisha akainama, akavua viatu vyake, akavipanga pale chini kama mtu aliyefika mlangoni kwa mama yake, akaketi mbele na soksi.

"Dada dereva," alisema, "washa twende hadi darajani na kurudi. Na yule pale nje, mwambieni asinisubiri."