Jinsi Nilivyomfuta Daktari Wanjala Mchoroni

Aibu hii ni yangu peke yangu, kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe kabla Otieno, mwenzangu wa maabara, hajawapa hadithi yake yenye chumvi.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili katika idara ya jenetiki, na wafadhili wa mradi wetu wa mihogo (ndio waliokuwa wakinilipia masomo) walikuwa wanakuja kuamua kama watatuongezea mwaka. Mkuu wa idara akaniomba niwachoree nani anafanya utafiti na nani: kila mtu doa, kila makala iliyoandikwa pamoja mstari. Kazi rahisi, ila mimi na tabia yangu ya kushuku kila kitu nikaona majina mengine yamewekwa kwa heshima tu, nikaamua kwamba asiyetia sahihi daftari la maabara mwaka ule namfuta. Daktari Wanjala, mama wa makamo ambaye jina lake lilikuwa kwenye karibu kila makala, hakuwa ametia sahihi hata mara moja.

"Buda, unamtoa huyo mathe kweli?" Otieno akaniuliza.

"Daftari halidanganyi."

Nikaenda kwa wachapaji wa River Road mjini nikachapisha karatasi kubwa kama shuka, nikaibandika mbele ya wageni na kueleza kanuni yangu kwa madaha. Bila Daktari, madoa yalikuwa yamejitenga makundi sita yasiyounganishwa na mstari hata mmoja (nililiona hilo, nikalipenda, nikadhani ni ugunduzi). Mgeni mmoja akavua miwani.

"Kwa hivyo hapa hakuna ushirikiano? Sisi tunafadhili nini basi?"

Mkuu wa idara akanitazama. Ndipo Daktari Wanjala akasimama kule nyuma, viatu vimejaa matope, maana alikuwa ameshuka basi la kutoka mashambani Busia asubuhi hiyo.

"Kijana, majani unayopima yanatoka wapi?"

"Kwenye friza, Daktari."

"Na friza inayachuma wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wafadhili wakiwemo. Kumbe sampuli za makundi yote sita alizichuma yeye, shamba kwa shamba, akamkabidhi fundi wa maabara mlangoni bila kuingia kutia sahihi, na kurudi safarini. Akaomba kalamu, akaniambia nishike karatasi isitikisike, akajichora katikati na kuvuta mistari polepole, mmoja mmoja, hadi kwenye kila kundi.

Mwaka tuliongezewa. Nami nikaapa sitamfuta mtu tena kabla sijaenda kumuuliza anashinda wapi mchana kutwa.