Chupa za Tangawizi ya Posa

Wifi yangu alipopata mchumba, hakutaka wageni wa posa wanywe soda ya dukani. Alisema soda hata msibani zinanywewa. Alitaka tangawizi yenye gesi, ya kutengeneza mwenyewe, ili watu wa upande wa mwanamume wakirudi kwao Umwe wawe na la kusimulia.

Akanigeukia mie, kwa sababu kabla sijaolewa hapa Bungu nilifanya kazi jikoni katika hoteli moja Dar, na nilikuwa nimejisifu mara nyingi kuhusu hoteli hiyo. Sasa sifa zilinidai.

"Kutwanga tangawizi si kazi, wifi," nikamwambia. "Kazi ni kuifungia."

Nikamweleza nilivyoelewa mie. Unachanganya tangawizi, sukari na ndimu, unatia hamira kidogo tu, unafunga chupa. Hamira inakula sukari na kutoa hewa. Hewa ikikosa pa kutokea inajificha ndani ya kinywaji, na hiyo ndiyo gesi. Kizibo kikivuja, unapata chai baridi. Chupa ikiwa dhaifu, utapiga deki mpaka dari.

Wifi akafikiri kidogo, akatoka. Alirudi na ndoo kichwani, kaifunika khanga. Ndani mlikuwa na chupa za bia, zile za kahawia, kaziazima kwa mama mmoja mwenye grosari kule barabarani.

"Weye una wazimu," nikamwambia. "Chupa za bia kwenye posa?"

"Hizi ndizo chupa nene. Wenye bia wanajua gesi kuliko sie. Na Mungu haangalii chupa, anaangalia kilichomo."

"Na majirani?"

"Majirani ndio wanaoangalia chupa. Ndiyo maana nimefunika."

Tukaziosha kwa sabuni na mchanga mpaka zikang'aa, tukazijaza. Hapo ndipo tulipogundua kwamba chupa nene bila kizibo ni gilasi tu. Vizibo tulikuwa navyo, lakini vilikwisha kupindwa na kifungulio. Wifi akavinyoosha kwa mwiko, akaviweka juu ya midomo ya chupa na kuvigonga kwa mchi uliofungwa kitambaa. Chupa moja ikakatika shingo. Nyingine zikakubali, ila ukiinamisha sikio unasikia kila moja inasema *ssss*, kama watoto wanaosengenya darasani.

Tulikuwa tumeinama hivyo, masikio juu ya chupa za bia, mkwe wangu aliporudi kutoka kuswali adhuhuri. Mzee huyu ni mtu wa safu ya mbele msikitini, na hana haraka ya kusema. Alisimama mlangoni, akazitazama chupa, akatutazama sie.

"Hiki nini?"

"Tangawizi, baba," nikasema.

"Mbona imevaa nguo za ulevi?"

Wifi, ambaye huwa ana jibu hata usingizini, akajifanya anafunga khanga yake upya.

"Ivueni," mzee akasema, akaenda zake kulala.

Tukaivua. Ndoo ikarudi grosari, na tangawizi tukaihamishia kwenye chupa za plastiki tulizookota kila mahali: za maji, za soda, na moja ya juisi yenye mdomo mpana. Mie nilisema plastiki ni plastiki. Hotelini, kusema kweli, kazi yangu ilikuwa kumenya viazi.

Kesho yake alasiri tulisikia kitu kinabingirika jikoni. Chupa za maji zilikuwa zimevimba. Vitako vyake vimetokeza nje, haziwezi tena kusimama, zimelala na kugongana ovyo sakafuni.

"Wifi, zina mimba!" wifi akapiga kelele, akaikamata moja na kuizungusha kizibo kabla sijamzuia. Kizibo kikaruka, kikagonga bati, na tangawizi ikamwosha uso mzima pamoja na nywele alizosukia posa. Ile ya juisi tuliikuta imetulia, haina gesi hata ya dawa; kifuniko chake kipana kilikuwa kinapitisha hewa kimyakimya. Zilizosalimika ni za soda. Zilikuwa zimekaza kama tairi lililojazwa upepo, hazijavimba, hazivuji, zimekaa wima na miguu yake ile ya chini. Ndizo zilizoundwa kubeba gesi tangu kiwandani, nasi tulikuwa tumezichanganya na takataka.

Mshindo wa bati ukamleta mzee. Akaliona povu sakafuni.

"Kinachotoa povu namna hii si pombe?"

"Hata sabuni inatoa povu, baba," wifi akasema, huku akijipangusa macho.

Mzee akaona jibu lina mantiki, lakini hakutaka kuamua peke yake. Akamwita jirani yetu, mzee wa Kimatumbi aliyehamia kutoka vilimani, ambaye wametaniana naye tangu wakiwa vijana. Wakaketi barazani, nikawapelekea tangawizi, chupa moja kati ya zile za soda, na vikombe viwili.

Kila mmoja akanywa. Kisha wakanyanyuka, wakatembea mpaka kwenye mpapai na kurudi, mmoja akikagua miguu ya mwenzake.

"Umeyumba," mkwe wangu akamwambia.

"Huo ni mwendo wangu. Sie tumezoea vilima, hapa kwenu ardhi imelala mno." Jirani akakiangalia kikombe. "Mie sijaona kitu. Labda kikombe kilikuwa kidogo."

Nikaleta chupa nyingine. Wakanywa, wakaenda mpapai. Jirani akasema anahisi joto kifuani. Mkwe wangu akamwambia hiyo ni tangawizi, mshamba weye, akacheua mpaka kuku wakakimbia. "Alhamdulillah," akasema, akanyoosha kikombe bila kunitazama.

Wifi alikuwa nyuma ya pazia ananifinya mkono. "Wanaimaliza posa yangu!"

Hukumu ilitoka jua likielekea kushuka: ni halali, ila isilazwe siku nyingi, maana hamira ikiachiwa itageuka kitu kingine. Kwa hiyo ikatubidi tutwange upya, safari hii kwa chupa za soda tu, na kila asubuhi tulizibonyeza kwa dole gumba. Zilipokaza sawasawa tukazipeleka kwa jirani mwingine, mwenye friji.

Siku ya posa nilizifungua mwenyewe, kizibo polepole, hewa ikitoka kidogo kidogo. Washenga wakatega masikio. Mmoja wao, mzee mnene mwenye kofia ya viua, alimaliza kikombe, akacheua ndani ya mkono wa kanzu, kisha akauliza kama binti mwenyewe ndiye aliyetengeneza. Jirani yetu Mmatumbi akamhakikishia kwamba yeye binafsi ameikagua.

Posa ikakubaliwa, na wifi sasa yuko Umwe. Mkwe wangu, kila akitoka msikitini, hupitia barabarani. Ukimwona anarudi taratibu, mkono mmoja ndani ya kanzu, ujue ameokota chupa tupu ya soda. Huingia jikoni, huibonyeza mbele yangu, hukagua meno ya kizibo, kisha huiweka mezani.

"Hii itafaa," husema, na hunitajia Ijumaa anayotaka iwe imejaa tangawizi.