Mafaili Arobaini ya Mwalimu Atupele

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama vile ile orodha bado iko mkononi mwangu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nasimamia duka la intaneti Sumbawanga mjini, miaka ile kila mtu anafungua biashara yake na kompyuta bado ni kitu cha watu kuja kuchungulia mlangoni.

Mwalimu Atupele, dada wa Mbeya aliyekuwa akifundisha Kabwe kule ziwani, aliniletea orodha ya mafaili arobaini. Yalikuwa ya programu ya kufundishia hesabu, nayo yamewekwa kwenye ghala la mtandaoni ambako waandika programu hugawiana kazi zao bure. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja. Ijumaa kamati ya elimu ingekuja kuiona ikifanya kazi. Isipofanya, inahamishiwa shule nyingine.

Nishushe moja moja kwa laini ile ya kusuasua? Thubutu! Nikajiuliza, hivi mashine haiwezi kujisomea orodha yenyewe? Nikaandika skripti, yaani maagizo ya kompyuta kufuata yenyewe, mistari sita tu: soma jina, nenda ghalani, shusha, hifadhi, rudi kwa jina linalofuata. Weee! Majina yakawa yanapita kwenye skrini, mimi nimeshika mdomo. Arobaini kamili. Nikayaweka kwenye CD, mwalimu akapanda lori, nami nikajiona mtu wa maana.

Alhamisi akapita baba mdogo, mnunuzi wa mahindi, na bambo lake mkononi, kile chuma cha kutobolea gunia ili punje za ndani zionekane. Nikamtambia skripti yangu.

"Umefungua mangapi?" akauliza.

"Yako arobaini, baba, nimehesabu."

"Kuhesabu sijakuuliza. Magunia ya kijiji cha Ilemba nayahesabu hata nikiwa juu ya baiskeli. Ndani umeona nini?"

Nikafungua moja, kumridhisha tu. Ndani mna sentensi moja: faili halipo hapa, limehamishwa. La pili, hivyo hivyo. Yote arobaini, ukubwa uleule! Skripti ilikuwa imehifadhi majibu ya kukataliwa na kuyapa majina ya mafaili. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Nikatafuta anwani mpya, nikashusha upya, na Ijumaa alfajiri nikadandia lori la Kabwe. Nilipofika, kamati ilikuwa imekwisha kuondoka na kompyuta. Nilimkuta mwalimu ameketi mbele ya meza tupu, alama ya kompyuta imebaki kwenye vumbi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Wala hakunigombeza. "Nilikuamini, mdogo wangu. Ndiyo maana na mimi sikufungua mpaka kamati ilipokaa."

Nililia palepale.

Mwanangu, udadisi wako usiuache, mimi wangu umenilisha hadi leo. Andika skripti, mashine ihangaike badala yako. Ila iamuru isimame inapokataliwa, tazama ukubwa wa mafaili, na kabla hujamkabidhi mtu, fungua wewe mwenyewe, maana anayekuamini hatafungua. Mungu akubariki, na kila kitakachotoka mikononi mwako kimfae mtu siku anapokihitaji.