Waliotoboa Ukoka Wangu

Waliotoboa ukoka wangu ni wawili: mke wangu, aliyetoa idhini bila kuwa na mamlaka ya kuitoa, na dada yangu mkubwa, aliyeongoza msafara. Nalieleza hili mwanzoni kabisa kwa sababu kadiri miaka inavyopita watu wameanza kusema ilikuwa mvua, au ng'ombe wa jirani. Mvua ilikuja na makubwa yake baadaye, na ng'ombe wa jirani hawakuhusika kabisa.

Nilistaafu utumishi wa umma katika miaka ile serikali ilipokuwa inajitoa kwenye biashara, na bidhaa zikawa zinaingia Mwanza kutoka kila upande. Nyumba yangu ipo Ilemela, chini ya kilima cha mawe, mahali ambapo maji ya mvua yameteremsha udongo mzito wa mfinyanzi tangu dunia iumbwe. Majirani walipanda viazi vitamu na wakanishauri nifanye vivyo hivyo. Mimi nilitaka majani. Mbele ya ofisi niliyoitumikia palikuwa na uwanja wa ukoka kuzunguka mlingoti wa bendera, na kwa muda wote wa utumishi wangu sikuruhusiwa kuukanyaga. Nilitaka uwanja wangu mwenyewe, ambao pia nisingeukanyaga.

Udongo wa mfinyanzi una tabia zake. Wakati wa masika hushika maji juu kama sinia, na ukipita hapo kiatu kinabaki. Kiangazi ukikauka hupasuka, na maji unayoumwagilia hukimbia juu yake mpaka kwa jirani, ambaye hakuyaomba. Nilifuata utaratibu. Mvua zikinyesha sikumruhusu mtu kupita, kwa maana udongo ule ukikanyagwa ukiwa rojo hushikamana kama tofali. Kiangazi nilikata majani juu juu tu, yabaki marefu kiasi cha kuukinga udongo na jua. Kuelekea vuli nililetewa samadi iliyooza kwa mkokoteni. Aidha, nilisimika kibao cha bati: USIKANYAGE MAJANI.

Pamoja na hayo yote, ukoka wangu ulikuwa na kipara katikati. Kila kiangazi kipara kilipanuka, na mwaka ule kilikuwa kinakaribia ngazi za veranda. Nilijua kwamba vuli ile ikipita bila nafuu ningelazimika kupanda viazi.

Ndipo binti yetu wa pekee akaposwa. Nilipendekeza sherehe ya kumuaga ifanyike Nyakato, kwenye ukumbi wenye sakafu ya saruji.

"Mzee," mke wangu alisema, "miaka yote hii unayapigia magoti hayo majani, halafu mwanao akiondoka ukamuagie Nyakato?"

"Basi wageni watakaa verandani."

"Watu wote wale?"

"Kwa zamu."

Alicheka mpaka akaketi. Binti yetu hakucheka. "Baba," alisema, "kiangazi chote nani alikuwa anakubebea maji ya haya majani? Mimi. Nataka niagwe hapa hapa."

Hoja ilikuwa sahihi. Nilikubali kwa sharti moja: watu watembee polepole na pasiwe na kucheza. Mke wangu aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuazima redio ya kaseti.

Asubuhi ya sherehe ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu, si nyingi, lakini ya kutosha kulainisha udongo juu. Niliomba sherehe iahirishwe. Mke wangu akanituma nikafungue geti.

Lazima nieleze habari za viatu. Kabla ya miaka ile wanawake wa kwetu walicheza kwa malapa au pekupeku. Mitumba ilipofunguliwa, viatu vya mchuchumio vikamwagwa juu ya maturubai pale Buzuruga, na kila mwanamke akajipatia jozi. Muziki ulipowashwa, dada yangu aliingia getini akiwa na sufuria jipya kichwani, nyuma yake msururu wa wanawake wenye zawadi na vigelegele, na chini ya kila mmoja visigino vyembamba kama penseli. Wakapita katikati ya ukoka.

"Dada, viatu!" nilisema.

"Umevipenda eeh?" alijibu bila kusimama. "Nishikie pochi."

"Vinatoboa!"

"Mdogo wangu, leo tunamtoa mtoto. Kama unayaonea huruma majani, lala wewe chini tucheze juu yako."

Wanawake walishangilia. Mmoja wao alitundika kitenge chake kwenye kibao changu. Nilikuwa nimesimama na ile pochi mkononi binti yetu alipokuja, akanishika mkono na kunivuta. Nikaukanyaga ukoka wangu kwa mara ya kwanza bila fyekeo mkononi, kwa kuwa aliyenivuta alikuwa na haki nao. Tulicheza pale pale kwenye kipara, na uso wangu ulilowa, ingawa mvua ilikuwa imekwisha.

Kesho yake binti alikuwa ameshaondoka, na uwanja ulikuwa na matundu kama chujio. Nilisimama juu yake nikaanza kuyahesabu. Mke wangu akatoka na fagio.

"Matundu si yanazibwa, mzee?" Akamwaga samadi yangu yote, akaanza kuifagia iingie matunduni. Dada yangu, aliyelala kwetu, akamfuata na fagio la pili. Alikuwa anachechemea kwa sababu ya vile viatu, jambo lililonifariji kidogo.

Mvua za vuli zilipokuja, maji hayakutuama wala hayakukimbilia kwa jirani. Yalizama. Ukoka ukachipua kutoka kila tundu, na kipara kikafungika. Binti yetu alipokuja Krismasi na mumewe alivua viatu, akatembea juu yake kutoka getini hadi verandani huku akicheka peke yake. Jirani aliniuliza ni dawa gani nimetumia. Nilimwelekeza kwa dada yangu.

Tangu hapo, kila mwaka ikinyesha mvua ya kwanza baada ya kiangazi, wanawake wale wale huja na viatu vile vile. Mke wangu hupika pilau, wanacheza, kisha tunafagia samadi. Mwaka huu dada yangu alikuja amevaa raba. Nilipohoji alisema, "Raba zinapumzisha, mdogo wangu," akaomba pilau. Upande aliochezea yeye, karibu na mlango wa jikoni, sasa umekuwa mgumu, na maji yanatuama.

Kwa hiyo nadai rasmi dada yangu afike mwenyewe nyumbani kwangu kabla mvua za vuli hazijashika, aeleze kwa nini ameacha wajibu alioushika bila kuombwa, na afike na viatu vinavyohusika. Mke wangu, aliyezipokea raba hizo mlangoni bila kuhoji, atajibu pamoja naye. Majibu yatolewe mbele ya binti yetu, juu ya majani yenyewe, na muziki uwepo.