Jina Kwenye Kichupa

Mwanamke anayetoa wagonjwa damu ya vipimo kwenye zahanati yetu ya Chamazi hasemi pole kabla ya kuchoma. Anakufunga mpira mkononi, anakuambia ukunje ngumi, anapapasa mshipa kwa kidole kimoja, na sindano imeshaingia. Akimaliza anakuwekea pamba uikandamize mwenyewe. Halafu anakuuliza jina, ingawa amekuita nalo sasa hivi, na kuliandika kwenye kichupa, pamoja na umri wako, mbele ya macho yako. “Soma,” anasema. Asiyejua kusoma anasomewa mara mbili. Foleni hununa kila asubuhi, na mie hununa nayo.

Jumatatu nilimpeleka shangazi, Bi Mwanaasha Kondo, kupima sukari na wingi wa damu. Kabla hajachomwa, karani wa mapokezi akaingia na trei ya vichupa vitupu, vyote vimeshaandikwa majina tu.

“Sista, nimekurahisishia. Watu wanalalamika huko nje.”

Yule mwanamke alivisoma kimoja kimoja, kisha akavimwaga vyote kwenye pipa la taka.

“Leo nina kina Mwanaasha Kondo wawili! Yupi ni yupi? Mmoja akimeza dawa za mwenzake, utamzika wewe?”

“Si tungewauliza tu…”

“Toka! Toka humu ndani!”

Karani akatoka na trei yake tupu. Sista akavaa glavu mpya, akamgeukia shangazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Mikono ilikuwa ikimtetemeka sista kwa hasira. Akaiweka mapajani na kusubiri itulie, nasi tukasubiri naye.