Sakafu ya Abeli

Mume wangu ameichezea Tanzania mechi ishirini na sita, na hapa Mkonze hakuna anayejua alikuwa anacheza nini. Mchungaji alipomtangaza kanisani alisema golfu. Jirani yetu Ludovick hadi leo humwuliza alifunga mabao mangapi. Nimeeleza mpaka nimechoka: ni kriketi, Abeli ni mrushaji, anakuja mbio na kuutupa mpira chini mbele ya mwenye gongo, mpira unadunda na kupanda, na mwenye gongo akikosea, vile vijiti vitatu nyuma yake vinaanguka. "Aha," anasema Ludovick, "kwa hiyo yeye ni golikipa."

Mchezo huo Abeli aliujulia Dar es Salaam. Alikwenda kutafuta kazi, akapata ya kufyeka majani kwenye uwanja mmoja, na wachezaji wakipungukiwa mtu wa mazoezi walimwita arushe. Mtu aliyekua akifukuza ndege kwa kombeo kwenye mashamba ya uwele hakupata shida kulenga vijiti. Miaka mitatu baadaye alikuwa Kigali, amevaa jezi ya taifa. Amefika Kampala, Gaborone na Johannesburg, na kila aliporudi alianza upya kutafuta kibarua, maana hakuna tajiri anayemvumilia mlinzi wa kuaga wiki tatu kila baada ya miezi miwili. Mimi nafundisha shule ya msingi, ndiyo maana tunakula.

Tulipohamia kwenye kiwanja alichotuachia marehemu baba, mtu mwenye akili timamu angeanza na choo. Abeli alianza na sakafu. Hatua ishirini na mbili kwa urefu, nyembamba, ya saruji tupu, katikati ya ua. Mchanga wetu unaumeza mpira, aliniambia. Bila sakafu ngumu mrushaji hawezi kujua mpira wake unapanda kiasi gani. Nikamwachia. Choo tulijenga mwaka uliofuata.

Nyumba ya pili kwenye kiwanja hicho anaishi mama yangu, Bibi Penina. Zamani mama alianika mtama juu ya paa bapa la udongo la tembe. Tembe ilibomolewa, likaja bati, na juu ya bati huaniki kitu. Basi msimu wa kwanza wa mavuno, alipoiona ile sakafu ndefu na safi, hakuuliza. Alimshukuru Mungu kwa kumpa mkwe mwenye kuona mbali, akamwaga mtama wake toka mwanzo hadi mwisho.

Sasa, nyumbani kwetu, Wagogo wa kizamani, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kugombana. Mwenye neno hulipitisha kwa mtu wa kati, na mtu huyo ni mimi.

"Mwambie mama nauliza kama mtama unakaribia kukauka," Abeli anasema.

Naenda. "Mama, mkwe wako anaulizia mtama."

"Mwambie mkwe wangu ahsante kwa kuujali."

Narudi. "Anashukuru."

Misimu sita nimekwenda na kurudi namna hiyo, hatua thelathini kila upande.

Mwaka huu ulikuwa mbaya kuliko yote. Abeli ametimiza miaka thelathini na minne, na mwezi wa nne kocha alimpigia simu: mwishoni mwa Juni tunachagua watu kumi na wanne wa mashindano ya kufuzu, na mpira wako siku hizi haupandi. Uupandishe au uwaachie vijana. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na wote wawili tulijua. Mvua nazo zilikuwa zimetukubali, mtama ukaja mwingi, na kuanzia wiki ya pili ya Mei sakafu haikuonekana: mmoja ukikauka, unamwagwa mwingine. Abeli akawa anarushia mchangani, mpira unafia pale pale.

"Mwambie waziwazi," nilimsihi. "Aanike kwenye turubai."

"Yule ni mama. Utamwambiaje mama atoe chakula?"

Nilimwona mjinga, nikamwona muungwana, na hasira ikanizidi kwa sababu yote mawili ni kweli. Wiki ya mwisho ya Juni alipanda treni kwenda Dar na begi lake, mimi nikabaki na mtama.

Siku ya pili mama alikuja kukaa nami jikoni. "Elieth, ile sakafu mkwe wangu aliijengea nini hasa? Maana sijamwona hata siku moja akianika kitu."

Nilishindwa nicheke au nilie. Nilichukua mpira wa zamani wa Abeli, nikamtoa mama nje, nikaupiga mchangani. Ukatulia. Nikasogeza mtama kwa mguu, nikaupiga kwenye saruji. Ukaruka mpaka kifuani.

Mama aliutazama unavyobingirika. "Miaka yote hii?"

"Misimu sita."

"Na wewe ulikuwa unaniletea salamu."

Nilikuwa napeleka adabu zao na kuiacha habari yenyewe njiani.

Majina yalitoka Jumamosi, nikayasoma kwenye simu mara tatu. La Abeli halikuwepo. Jumapili aliingia nyumbani, akanisalimu, akaketi kitandani kufungua viatu. Nje mama alikuwa ameuzoa mtama wote mbichi mbichi, ameutia kwenye magunia, ameifagia sakafu na kuiosha kwa maji. Akaniita kwa furaha, maana habari ya majina sikuwa nimempelekea.

"Mwambie mkwe wangu sakafu yake iko wazi. Arushe."

Nikaingia, nikasema kama nilivyotumwa.

Abeli alivua kiatu cha pili. "Mtama umekauka?"

"Bado."

"Mwambie aurudishe. Utaota ukungu."

Hilo lilinishinda kulibeba. "Kamwambie mwenyewe," nikasema. Nilitoa mpira kwenye begi, nikavibeba vile vijiti vitatu na kitako chake cha mbao, nikavisimamisha mwisho wa sakafu, nikajiweka nyuma yake kudaka, nimevaa gauni langu la kanisani. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake, uso ameuelekeza ukutani kwa heshima.

Nilisimama pale mpaka nikaanza kujiona mwehu. Kisha Abeli akatoka, miguu mitupu. Akaupokea mpira, akarudi nyuma mpaka kwenye uzio, akaja mbio. Mpira ulipiga saruji, ukanipita juu ya bega kabla sijainua mikono.

"Umepanda?" mama akauliza, uso bado ukutani.

"Umepanda, mama," nikamwambia, nikaenda kuuokota.